Sadaka ya Furaha: Juu ya Piano za Vituo vya Treni



Kuna jambo moja la nchi za Ulaya ambalo tumelifikiri sana, na leo tunapenda kulifikiri pamoja nanyi. Katika vituo vikubwa vya treni vya Ufaransa, vya Uingereza na vya nchi nyingine, wasafiri hukuta piano imewekwa katikati ya njia yao. Haikufungwa kwa ufunguo. Hakuna mlinzi anayedai fedha, wala karatasi ya kuomba ruhusa. Kila apitaye, mkubwa au mdogo, mwenye koti zuri au mwenye viatu vilivyotoboka, anaweza kuketi na kupiga. Akimaliza huchukua mzigo wake na kupanda treni, na mwingine huketi mahali pake.

Pengine mtu atasema: Jambo hilo ni dogo, kwa nini kuliandika katika gazeti la Wakristu? Tunamjibu kwamba Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha siri za Ufalme wa Mungu kwa kutaja punje ya haradali, chachu ndani ya unga, na sarafu iliyopotea nyumbani kwa mama mmoja. Jambo dogo likitazamwa vizuri hufungua mlango wa jambo kubwa. Na nyuma ya piano ile kuna swali linalomhusu kila Mkristu: Je, furaha ni kitu kinachoweza kutolewa sadaka, kama mkate na nguo? Na kama ndiyo, je, ni halali kuitoa mbele ya watu wanaolia?

Chombo na safari yake

Kwanza tujue chombo chenyewe, maana wengi wetu tumezoea kinanda cha kanisani. Kinanda kile hutoa sauti kwa pumzi. Piano hutoa sauti kwa kugongwa. Mpigaji akibonyeza kibao kimoja, nyundo ndogo ya mti iliyovikwa sufi nzito huruka na kugonga nyuzi za chuma. Vibao ni 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Nyuzi ni zaidi ya 200, nazo zimekazwa sana, hata nguvu yao ikijumlishwa hupita uzito wa tani 15. Aliyebuni chombo hiki ni fundi Bartolomeo Cristofori wa mji wa Firenze, Italia, karibu na mwaka 1700. Jina lake la kwanza kwa Kiitalia lilitaja mambo mawili, sauti ya upole na sauti ya nguvu, kwa sababu kidole kikigusa polepole sauti huwa ndogo, na kikigusa kwa nguvu sauti huwa kubwa. Tulishike jina hilo, litatufaa mbele.

Kwa miaka mingi piano ilikuwa kitu cha nyumba za wenye mali. Ilifunikwa kitambaa, binti za nyumba walifundishwa kuipiga mbele ya wageni, na maskini waliisikia kwa mbali dirishani. Halafu zikaja gramofoni, redio na televisheni, na piano nyingi zikanyamaza. Leo huko Ulaya kuna watu wanaotaka kutoa bure piano ya bibi yao, na hawapati wa kuichukua, kwa kuwa ni nzito na nyumba ni ndogo.

Mwaka 2008 msanii mmoja wa Uingereza, Luke Jerram, alizitafutia kazi piano za namna hiyo. Amesimulia kwamba wazo lilimjia mahali pa kufulia nguo kwa mashine. Kila mwisho wa juma aliwaona pale watu walewale, wamekaa wakingoja nguo zao, na hakuna aliyesema na mwenzake. Basi akaweka piano 15 katika mji wa Birmingham, njiani na viwanjani, na juu yao akaandika maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: Nipige, mimi ni wako. Tangu mwaka ule piano zaidi ya 2,000 zimewekwa hivyo katika miji zaidi ya 60 ya dunia. Kwa Kiswahili maneno yale yanachekesha kidogo, maana kupiga ni kazi ya ngoma na pia ni kazi ya fimbo. Lakini tuyapokee kama yalivyo. Hapa kuna kitu kinachoomba kipigwe na kila mtu, na hakirudishi uovu kwa aliyekipiga.

Vituo vya treni vikafuata. Mwaka 2012 shirika la reli la Ufaransa liliweka piano katika kituo cha Montparnasse, Paris, na baadaye katika vituo vingine vingi. Mwaka huohuo piano zilifika pia katika kituo cha St Pancras, London. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1868, na tangu mwaka 2007 treni za Paris na Brussels huondoka humo na kupita chini ya bahari. Jina lake ni la Mtakatifu Pankrasi, kijana aliyekufa shahidi mjini Roma. Mapokeo yasema alikuwa na umri wa miaka 14 tu. Mwezi wa Februari 2016 mwimbaji Elton John alikuja kituoni humo, akapiga piano mpya mbele ya wasafiri, kisha akaiacha iwe zawadi yao.

Kituo ni mahali gani

Kwa nini piano ya kituoni inagusa moyo kwa namna isiyo ile ya ukumbini? Ukumbini watu wamekuja kusikiliza. Wamelipa, wamekaa, wamejitayarisha. Kituoni hakuna aliyekuja kwa ajili ya wimbo. Mmoja anakwenda kazini, mwingine anakwenda kumzika mama yake, mwingine amefukuzwa kazi na bado hajamwambia mke wake. Wamesimama bega kwa bega, na kila mmoja yuko peke yake. Saa kubwa ya ukutani inawatawala wote. Tena kila kitu pale kina bei: tikiti, kahawa, gazeti, na mahali pengi hata choo.

Msomaji wetu anayejua safari za Kamina na Kalemie ataona ajabu. Kwetu treni ikichelewa, watu hukaa juu ya mizigo yao, huombana moto na chumvi, na kabla ya jioni kila mmoja amekwisha kujua ukoo wa jirani yake. Kumbe wenzetu wanahitaji piano ili waamkiane? Lakini tusijisifu. Katika miji yetu mikubwa sisi nasi tumeanza kupita karibu na mtu bila jambo wala hodi, macho yakiwa ndani ya simu.

Sasa tazameni yanayotokea mtu akiketi kupiga. Wapitaji hupunguza mwendo. Mtoto humvuta mama yake mkono. Watu wawili wasiojuana hutazamana na kucheka. Mara nyingine mgeni huketi upande wa kushoto wa mpigaji, wakapiga pamoja kwa mikono minne, na hata majina hawakuulizana. Ni dakika tano, kisha wanaachana. Lakini katika dakika tano zile waliokuwa umati wamekuwa jirani.

Mtakatifu Agustino aliona jambo hili zamani. Alifundisha kwamba watu wengi wakifurahi pamoja, furaha huzidi ndani ya kila mmoja wao. Na Mtakatifu Toma wa Akwino anatenga mali za mwili na mali za roho. Mali ya mwili ikigawanywa hupungua; mali ya roho yaweza kuwa ya wengi pamoja, wala hakuna anayepunjwa. Shamba likigawanywa kwa ndugu saba, kila mmoja hupata kipande. Wimbo ukisikiwa na watu mia, kila mmoja ameupata wote. Kwa hiyo anayetoa furaha ya namna hii hawi maskini kwa kutoa, na anayepokea hamnyang'anyi mwingine.

Wanaokataa

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa njia ya Mtakatifu Toma: kabla ya kusema neno lako, msikilize kwanza yule anayekataa, na umsikilize kwa heshima. Basi tuwasikilize.

Wa kwanza anasema: Katika vituo vilevile kuna watu wasio na nyumba, wanaolala sakafuni. Kwa nini kununua na kutengeneza piano, badala ya kuwapa chakula? Neno hili ni zito, wala hatutalipuuza. Lakini tunalikumbuka katika Evanjili ya Yohane. Maria wa Betania alipompaka Yezu miguu kwa marashi ya bei kubwa, Yuda aliuliza kwa nini hayakuuzwa dinari 300 na kupewa maskini. Hatusemi kwamba kila aulizaye hivyo ni Yuda. Wengi huuliza kwa moyo safi. Lakini Bwana aliyapokea marashi yale, naye ndiye aliyewapenda maskini kuliko sisi sote. Mkate na furaha havikuwa adui mbele yake. Alilisha watu jangwani, na alikwenda arusini Kana.

Tena anayetaka maskini apewe mkate peke yake, pasipo kitu kizuri, hakumheshimu kabisa. Mbuzi naye hulishwa. Mtu ana njaa ya tumbo na njaa ya roho, na maskini anazo zote mbili. Kituoni tajiri anaweza kwenda kununua furaha mahali pengine. Asiye na kitu hana pengine. Na kwenye piano ile yeye pia anaweza kuketi. Kwa saa moja hakuna anayemwambia: Ondoka hapa. Basi kitu kisicho na bei kinamfaa nani zaidi kuliko yule asiye na fedha?

Wa pili anasema: Sawa, lakini kuna nyakati za kilio. Mtu amefiwa, nchi ina vita; je, kupiga muziki mbele yake si matusi? Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Maandiko yenyewe yanamwunga mkono, maana Kitabu cha Mithali kinamlaumu yule anayemwimbia mwenye moyo mzito, kikimfananisha na mtu anayemvua mwenzake nguo siku ya baridi.

Basi tutazame jambo lililotokea. Mwezi wa Februari 2022 Urusi iliishambulia Ukraine kwa jeshi kubwa. Mwezi wa Machi kituo cha treni cha Lviv kilijaa watu waliokimbia: akina mama wenye watoto mikononi, wazee, wagonjwa, wote wakitafuta njia ya kwenda magharibi. Nje ya kituo kile, katika baridi ile, mpiga piano mmoja aliketi akapiga, na wakimbizi wakapita wakisikia. Upande wa pili wa mpaka, pale Medyka katika nchi ya Poland, Mjerumani mmoja alikuwa ameleta piano yake kwa gari, akaipiga mbele ya waliovuka. Wasomaji wetu wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa maana ya safari ya namna hiyo. Wamekwisha kuifanya wenyewe, godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Piano ile haikusimamisha bomu hata moja. Haikumpa mtoto maziwa. Waliogawa maziwa na blanketi walikuwa wakifanya kazi yao, na kazi ile ilikuwa ya kwanza. Lakini mkimbizi huhesabiwa, huandikwa, husukumwa katika mstari, hupewa namba. Siku nzima hutendewa kama mzigo unaohamishwa. Halafu anasikia wimbo ambao hakuuomba, na hakuna anayemdai kitu kwa ajili yake. Wimbo ule unamwambia: Wewe si mzigo. Mzigo hausikii.

Na hapa tunalirudia jina la chombo, upole na nguvu. Mithali haikatazi wimbo mbele ya mwenye huzuni. Inakataza wimbo usiomjali. Anayepiga kwa kelele mbele ya mtu anayelia amemvua nguo. Anayepiga kwa upole amemfunika. Sisi tunalijua hilo bila kufundishwa na Ulaya. Katika matanga yetu watu huimba usiku kucha karibu na marehemu, na hakuna mwenye akili anayesema kwamba wamemdharau. Wangenyamaza wote na kwenda kulala, hapo ndipo mjane angejua kwamba ameachwa.

Wa tatu ni mzee mmoja wa Kanisa anayependa utaratibu. Anasema: Piano ni chombo cha dansi na cha baa, Mkristu ana shughuli gani nacho? Baba, neno lako lina mizizi. Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi, katika maagizo yake juu ya muziki mtakatifu, alikataza piano isipigwe kanisani. Lakini someni vizuri orodha ile. Pamoja na piano alikataza pia ngoma na vyombo vingine vya kelele. Piano ya Wazungu na ngoma yetu zilifungiwa mlango siku moja, kama dada wawili.

Papa hakusema kwamba vyombo hivi ni viovu. Alitunza heshima ya nyumba ya Mungu kadiri ya nyakati zake. Baadaye mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1958, huko Kamina, mahali reli zetu zinapokutana, wavulana na waalimu wao walioongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransiskani, waliimba Misa kwa namna ya Kiluba, na dunia ikaijua kwa jina la Missa Luba. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima yake, na kwamba vyombo vingine vyaweza kuingizwa katika ibada, vikikubaliwa na wakuu wa Kanisa na vikifaa kwa sala. Basi tujifunze hivi: chombo kilichokaa nje ya mlango hakikukaa nje ya mkono wa Mungu. Piano ya kituoni haisomi Misa, wala haidai kusoma. Inafanya kazi yake nje, kwenye njia, mahali ambapo Bwana mwenyewe alipenda kukutana na watu.

Tena Mtakatifu Toma anasimulia habari ya kale juu ya Mtume Yohane. Watu fulani walichukizwa walipomwona akicheza na wanafunzi wake. Mtume akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, atupe mishale mingi mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo daima. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu ikivutwa siku zote pasipo kulegezwa. Toma anakata neno kwamba roho ina uchovu wake kama mwili, na dawa ya uchovu ule ni furaha ya halali. Katika kituo cha treni ni upinde wa nani usiovutwa?

Wa nne anasema: Nimefika pale, nikaona majivuno matupu. Mmoja ameshika piano saa nzima, na simu imesimamishwa mbele yake ili aonekane na dunia. Na yule mama anayeuza kahawa kando, analazimishwa kusikia wimbo mmoja wa wanaojifunza mara ishirini kwa siku. Huyu amesema kweli, na sisi hatuna la kumpinga. Mwezi wa Januari 2024, kwenye piano ya St Pancras, mpigaji aliyekuwa akijionyesha kwa picha za simu aligombana na wasafiri ambao hawakutaka kupigwa picha, hata polisi wakaja. Chombo kilichowekwa ili kupatanisha watu kikawa sababu ya ugomvi mbele ya dunia nzima.

Lakini tuulize kosa liko wapi. Yezu alipokataza kupiga tarumbeta mbele ya sadaka, hakukataza sadaka, alikataza tarumbeta. Vivyo hivyo hapa. Furaha iliyotolewa ili mtoaji asifiwe imekwisha kupata mshahara wake. Na kitu cha wote kikishikwa na mmoja, kimeacha kuwa zawadi.

Sheria za zawadi hii

Kutokana na majibu haya tunaona kwamba furaha ni sadaka kweli, nayo ina sheria zake kama sadaka nyingine.

Anayepiga akumbuke kuondoka kitini. Dakika chache zinatosha; mwingine anangoja, pengine kwa haya. Atazame nyuso za watu kabla ya kuchagua sauti ndogo au sauti kubwa. Amhurumie na yule mwenye kahawa, asiyeweza kukimbia.

Anayesikia naye ana wajibu. Yezu alisema juu ya watoto waliokaa sokoni, waliowalalamikia wenzao kwamba wamewapigia filimbi nao hawakucheza. Kuna ugumu wa moyo unaojificha ndani ya haraka. Tunapita karibu na kitu kizuri, tunajua ni kizuri, na tunakataa hata kugeuza kichwa, ili tusiwe na deni la shukrani kwa mtu. Na kama mpigaji ni mwanafunzi anayekosea, tusimcheke. Yeye ametoa alichonacho mbele ya wageni, na kwa mtu mwenye haya senti mbili za mjane hazikuwa nzito zaidi.

Mwenye mahali, mkuu wa kituo, ana wajibu mgumu kuliko wote: kuamini. Anajua kwamba chombo kitaguswa na mikono michafu. Upepo wa milangoni, baridi na joto vitazilegeza nyuzi, na fundi ataitwa tena na tena. Pengine mlevi atakigonga kwa ngumi. Na bado anakiacha wazi. Angeweza kukifunga na kumpa ufunguo mpigaji hodari peke yake. Hapo muziki ungekuwa bora, lakini watu wasingekutana.

Tena kuna vipaji visivyoonekana mpaka mlango uachwe wazi. Mwaka 2023 televisheni moja ya Uingereza ilionyesha wapigaji wa kila namna katika vituo vya treni. Katika kituo cha Leeds aliletwa msichana wa miaka 13, kipofu tangu utoto, asiyeweza kuzungumza kama watoto wengine. Mwalimu wake alimwongoza mpaka kwenye kiti. Akapiga wimbo wa Chopin, na wapitaji wakasimama na kulia. Mwezi wa Mei mwaka huohuo alipiga mbele ya Mfalme Charles kule Windsor. Lakini sisi hatulitaji jambo hili kwa sababu ya mfalme. Tunalitaja kwa sababu ya miaka iliyotangulia. Mtu fulani alimfungulia mtoto yule chombo, wakati ambapo wengine wangeona kipofu mwenye kugonga vibao tu.

Na sisi?

Hatuandiki haya ili kuomba piano iletwe Lubumbashi au Kamina. Wala hatusemi kwamba Ulaya imetupita kwa mapendo. Tumeona kwamba piano zile ziliwekwa kwa sababu watu walikuwa wameacha kusemezana. Kila mahali pana njaa yake. Tunauliza jambo moja tu: katika nyumba yangu, na katika parokia yangu, kitu gani cha furaha kimeachwa wazi kwa apitaye?

Tunajua kutoa wakati wa kifo na wakati wa njaa. Mchango wa matanga haukosi, na Mungu awalipe watoaji. Lakini furaha tunaificha kama mali ya mtu mmoja. Mara ngapi ngoma za kwaya hufungiwa ndani ya kabati ya sakristia, na mtoto akisogea anafukuzwa kwa fimbo! Mara ngapi kinanda kilichonunuliwa kwa sadaka za wote kinapigwa na mtu mmoja, naye akihama parokia nzima inakuwa bubu! Tunaogopa kwamba watoto wataharibu. Ndiyo, pengine wataharibu kidogo. Lakini ngoma iliyochakaa kwa mikono ya watoto imefanya kazi yake, na ngoma nzima iliyoliwa na mchwa gizani haikufanya kitu. Tena hakuna mtoto aliyejifunza kwenye chombo kilichofungiwa.

Kwa hiyo swali letu la kwanza tunalijibu hivi. Furaha yaweza kutolewa sadaka, na Mkristu anayeificha ana hesabu ya kutoa, kama yule mtumishi aliyezika talanta yake ardhini. Na mbele ya wanaolia haikatazwi. Ndipo inapotakiwa zaidi, mradi itolewe kwa upole, bila bei, bila tarumbeta. Anayengoja treni, anayengoja daktari, anayengoja habari za ndugu aliye vitani, wote wanangoja, na kungoja peke yako ni kuzito.

Basi ndugu, Dominika hii baada ya Misa, mwenye ufunguo wa kabati asiende nalo nyumbani upesi. Aitoe ngoma moja, aiweke chini ya mti, akae kando. Watoto watajua la kufanya.